Mwashataa na Mboga za Utambi

Nianze na harufu. Watu humweleza mtu kwa sura yake, lakini huyu jirani yetu ukimkosa kwa macho ulimpata kwa pua. Alinuka mafuta ya taa. Kazi ya reli alikuwa ameshaiacha, hashiki tena taa yoyote isipokuwa kandili yake ya chumbani, na bado shati lake la Jumapili likianikwa kwenye kamba, nguo za majirani nazo zinapata harufu. Mtaa wetu wote wa Cheyo ulimwita Mwashataa. Jina alilobatizwa nalo nalijua. Sitaliandika, kwa sababu yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hilo alikuwa anageuka kuangalia nani anaitwa.

Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi za nguzo za ishara kila jioni, aziwashe taa ili dereva wa treni aone nyekundu ni nyekundu na kijani ni kijani, na asubuhi apande tena kuzishusha, azifute masizi, akate tambi, ajaze mafuta. Alianza kituo cha Tura, akamalizia hapa Tabora. Vidole vyake viwili vya kulia vilikuwa vyeusi kwenye ncha kwa kubana tambi miaka yote hiyo. Akikusalimia kwa mkono, unakwenda kunawa.

Mimi si mtu wa kusifu watu. Wajukuu zangu watawaambia. Kuandika kwenyewe nimejifunza ukubwani, darasa la kisomo, nimekaa kwenye dawati la watoto magoti yanagusa kidevu. Kwa hiyo sina maneno ya kupamba. Nasema nilichokiona, na nilichokiona ni hiki: mtu huyu alikuwa analima mboga bila udongo.

Uani kwake palikuwa na ubao mrefu kando ya ukuta, upande unaopata jua la asubuhi. Juu ya ubao, madebe kumi na mawili yaliyobeba wenzao kumi na mawili. La chini lina maji. La juu lina makapi ya mpunga yaliyochomwa nusu, yamechanganywa na mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake ungeweza kumpa mgeni anywe. Kwenye kitako cha debe la juu kuna tundu, na kwenye tundu unashuka utambi wa taa mpaka majini. Utambi unapanda na maji kama unavyopanda na mafuta kwenye kandili. Huko juu, pale ambapo ungetazamia moto, kuna mchicha.

Udongo hakuna. Hata wa kusingizia.

Mtaani wakaziita mboga za ghorofani. "Mwashataa, leo wapangaji wako wa juu hawajambo?" Naye anajibu bila kutabasamu, "Hawajambo. Wa juu hawana neno, kelele ziko chini." Sisi wa chini tulikuwa na bustani zetu kavu, ardhi ngumu kama sakafu, na mchwa wanaokula hadi mpini wa jembe. Lakini tulicheka sisi.

Alijifunzia wapi? Hapo ndipo Mwashataa alipokuwa na maneno mawili. Ukimuuliza mbele ya wanaume, alisema ni vitani, alikopelekwa kubeba majeruhi, ng'ambo ya bahari. Kwamba nyuma ya hospitali moja aliona nyanya zimesimama kwenye kokoto tupu, na mtunza bustani wa pale akamwonyesha kwa ishara, maana hawakuwa na lugha moja. Ukimuuliza peke yake, alisema ni Tura. Kwamba pale kituoni palikuwa na bomba la kunyweshea injini maji, linavuja, na chini yake, katikati ya kokoto za reli, uliota mchicha mmoja mwezi wa nane, wakati nchi yote imekuwa rangi ya ngozi ya simba.

"Nikaufukua," aliniambia. "Nikatafuta udongo. Nikaondoa kokoto moja moja mpaka mkuu wa kituo akanipigia kelele kwamba nabomoa reli. Udongo sikuuona. Nikajiuliza, mayo, kama udongo ndio mama, huyu kazaliwa na nani?"

Mayo ni mama, kwa Kinyamwezi. Aliniita hivyo tangu nilipohamia mtaa ule nikiwa bibi harusi wa juzi, na yeye ana umri wa baba yangu.

Ipi ilikuwa kweli, ya vitani au ya Tura? Sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba ile ya vitani aliisimulia kama mtu anayesoma tangazo, na ile ya Tura aliisimulia huku vidole vyake vinaondoa kokoto ambazo hazipo.

Kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi. Mboga alikuwa hali. Mchicha wake aligawa kwa huyu na yule, mwingine unazeeka na kutoa mbegu debeni, na yeye anakula ugali wake kwa dagaa au nyama akiipata. Nilimuuliza, "Baba, kwa nini huli jasho lako?" Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi ni mbuzi?"

Basi analima za nini? Nadhani alitaka tu kuona. Alikuwa na chupa moja kubwa ya kioo ameivalisha kitambaa cheusi, ndani ina maji na utambi, juu ina mche mmoja. Kila asubuhi aliinua kitambaa mara moja, akachungulia mizizi, akashusha upesi, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Alisema mizizi ina haya, ikitazamwa sana inaota ukungu wa kijani inaoza. Mke wa mwalimu wa mtaa wa pili alijaribu kwenye chupa isiyo na nguo, na ikawa hivyohivyo, maji yakageuka kama ya dimbwi. Mwashataa akaenda kutazama ule uozo, akaunusa, akaugusa, akarudi amefurahi. Mboga ya mwenzake imekufa yeye amefurahi! Nilimsema kwa hilo. Akajibu, "Sasa tunajua, mayo. Jana tulikuwa tunadhani."

Kuchagua debe, kwake, kulikuwa kama kuchagua mkwe. Nilimkuta siku moja kwenye duka la Mhindi wa barabara ya sokoni, yule aliyeuza misumari na sufuria. Mwashataa amechuchumaa mlangoni, madebe matupu yamemzunguka. Analigonga debe, analisikiliza. Analiinua juani kutafuta matundu. Halafu anaingiza kichwa chote ndani na kunusa.

"Mzee," mwenye duka akamwambia, "wewe nunua debe ama oa debe?"

"Hili lilikuwa la nini?"

"Samli. Samli safi."

"Na hili?"

"Hilo mafuta ya taa, lakini oshwa mara ingine zamani. Iko safi pia."

Mwashataa akalisukuma kwa mguu mpaka nje. "Hili tia misumari. La rangi usinionyeshe kabisa. Nipe la samli, nitalisugua na majivu."

Mwenye duka akanigeukia mimi. "Mama, miaka yote mteja anusa kitu iko ndani ya debe. Huyu ya kwanza anusa debe."

Nami nikauliza, maana jambo lilikuwa linanichekesha, "Baba, wewe unanuka taa toka utosini. Pua yako inasikiaje taa kwenye debe?"

"Kwa sababu tunajuana," akasema. "Mayo, mafuta ya taa yakiingia mahali hayatoki. Yanajificha tu."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu haya. Ninayaandika ili mjue kwamba nilisikia, kwa sababu mbele huko mtaniona nimefanya kama sikusikia.

Maji ya kunywesha aliyaita uji. Samadi ya mbuzi kwenye kifuko, inalowekwa juma zima, inachujwa kwa kipande cha kaniki, inaongezwa maji mpaka iwe rangi ya chai iliyotiwa majani kwa uchoyo. Halafu kisoda kimoja, kile kizibo cha chupa ya soda, cha mbolea ya tumbaku aliyoletewa kutoka Usoke. Kimoja kwa debe zima. Mtu akisema aongeze, alikuja juu: "Mtoto mchanga unampa makande?"

Wakati huo ndipo ulipokuja mkazo wa kilimo. Kila nyumba iwe na shamba, mjini au kijijini, na Jumamosi wote tunakwenda shamba la pamoja. Mwashataa alikwenda, tena wa kwanza, jembe begani. Nalisema hili kwa sababu kuna waliosema alikuwa mkwepaji. Lakini shamba lake mwenyewe hakuwa nalo. Basi Balozi wetu wa nyumba kumi akaja na daftari. Mimi nilikuwa napembua mchele upande wangu wa ua wa minyaa, nikasikia yote.

"Mzee, shikamoo. Shamba lako ekari ngapi?"

"Marahaba. Madebe kumi na mawili."

"Nimeuliza ekari."

"Na mimi nimejibu madebe."

"Mzee wangu, usinitie matatani. Hapa kuna mstari wa ekari. Nikiandika madebe, huko juu watasema Balozi amelewa."

"Waambie waje waone."

"Ardhi ni mali ya umma, mzee. Kila mtu inampasa ailime."

"Ndiyo maana mimi sijaigusa."

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Balozi naye akacheka, akaandika kitu, akaondoka. Lakini maneno yale yalisafiri. Baada ya muda akaja Bwana Shamba mwenyewe, mtu mwenye soksi ndefu, akatazama madebe, akavuta mche kidogo, akauliza maswali mawili matatu kwa sauti ya dharau. Mwisho akasema, "Sawa. Saba Saba inakuja. Tutakuja na mkokoteni, tuzichukue hizi tuziweke uwanjani kwenye maonyesho, watu waone. Lakini mzee, nikija nikakuta vijiti, usinijie tena ofisini na habari ya tambi."

Mwashataa alibadilika. Alinyoa ndevu. Alipaka madebe chokaa. Mtu aliyekuwa habishani na yeyote akaanza kuwaambia wapita njia, "Saba Saba njooni uwanjani." Miaka yote tumemcheka, na sasa angesimama mbele ya Tabora yote na kitu chake. Nilimwona jioni moja anayasogeza madebe yakae kwa kimo, marefu nyuma, mafupi mbele, kama watoto wa shule wanaopigwa picha.

Sasa nije kwangu.

Nilikuwa na kitinda mimba wangu, Nyamizi, ana miaka minne. Mwaka huo, jua likianza kuzama, alikuwa anakaa. Popote alipo, anakaa chini, hainuki. Ukimtuma akalete kibuyu anajikwaa kwenye kigoda. Nilidhani ni uvivu. Nilimchapa. Ndiyo, nilimchapa, tena si mara moja, na sina cha kujitetea. Mpaka jioni moja nikamnyooshea kikombe cha maji, akakamata hewa upande wa pili.

Kliniki nesi alimfunua kope, akaniuliza anakula nini. Nikamwambia ugali na nsansa, kama kila mtu wakati wa kiangazi. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, ndiyo akiba yetu.

"Jua limekula kilichokuwemo," nesi akasema. "Mtoto huyu anataka majani mabichi, na karanga kidogo, kila siku. Sikusema kila wiki. Sasa hivi haoni magharibi. Ukichelewa, hataona na mchana."

Majani mabichi, mwezi wa tano unaisha, visima vya bustani vimeshuka! Sokoni fungu likitokea linagombewa. Baba Nyamizi yuko na genge la reli huko Tura, anarudi mwisho wa mwezi. Basi nikaenda uani kwa Mwashataa, mimi niliyecheka mpaka mchele ukamwagika.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayo. Umekuja kuwasalimia wa ghorofani?"

"Nimekuja kujifunza. Nataka kujaribu tu."

Kujaribu tu. Hivyo ndivyo nilivyosema. Habari ya mtoto sikuitaja. Sikutaka mtu aseme Mama Nyamizi ameshindwa kulisha watoto wake, na sikutaka kuombaomba. Nilitaka nioteshe zangu.

Alifurahi mno. Alinipa jozi sita za madebe alizokuwa ameziweka akiba, akanipa mbegu, akanitobolea matundu, akanionyesha jinsi ya kuosha mchanga. Lakini utambi hakunipa. Alikuwa na bunda la tambi mpya aliloagwa nalo siku anaacha kazi, limefungwa kwenye karatasi ya nta, analifungia sandukuni kama hati ya nyumba. Kwa mchicha alikuwa mkarimu. Kwa utambi alikuwa bahili wa kutisha.

"Utambi tafuta mwenyewe," akasema. "Ila uwe safi, mayo. Safi kabisa."

Madukani tambi hazikuwepo. Mhindi wetu alinionyesha rafu tupu kwa mikono miwili. Nyumbani nilikuwa nazo za zamani, za kandili zetu, nene, nzuri bado. Nikazifua. Nilizifua kwa sabuni mara tatu, nikazichemsha, nikazianika juani siku mbili mpaka zikawa nyeupe. Ungeweza kumfungia mtoto kidonda. Nikazipitisha matunduni, nikapanda, nikanyunyiza.

Ziliota, maana makapi yalikuwa na unyevu wa juu niliounyunyiza. Nikajiona. Nikawa nahesabu siku. Juma la pili zikageuka manjano. Nikaongeza uji. Zikalala. Kila asubuhi naziinua kwa kidole, zinalala tena, na kila magharibi Nyamizi anakaa pale lilipomkuta giza, na sasa hata akitafuta mlango anapapasa. Nikamwita Mwashataa mwisho kabisa, nikiwa na hasira kana kwamba yeye ndiye aliyeniroga.

Alikuja jioni. Hakutazama majani. Alinyanyua debe la juu, akashika utambi, akaupeleka puani.

"Nilisema safi," akasema polepole.

"Ni safi! Nimefua mara tatu. Nimechemsha."

"Huu umeshakunywa mafuta, mayo."

"Umefuliwa!"

"Safi ni ambao haujanywa."

"Safi ni uliofuliwa! Kwa Kiswahili gani safi ni kitu ambacho hakijatumika? Mimi nguo zangu zote zimetumika, ni chafu?"

"Mafuta hayatoki. Yanajificha. Maji yakija, yanakuta mlango umefungwa."

Tukabishana hapo, watu wazima wawili, juu ya neno safi, na mboga zinakufa katikati yetu. Huko nyuma Nyamizi alisikia sauti yangu imepanda, akaja. Akapiga debe kwa goti. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akapiga debe lilelile. Kulikuwa bado na mwanga wa kutosha kuona punje ya mtama chini.

Mwashataa akachuchumaa. Akachukua utambi, akaupunga mbele ya uso wa mtoto. Nyamizi anatazama mbele tu.

"Huyu tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na maneno ya nesi yote.

"Na wewe ulisema unajaribu tu."

Nikamvuta Nyamizi kando ya debe.

Mwashataa akaondoka bila kuaga. Nilidhani amekasirika. Alirudi na mkasi wake wa kazini, ule wa kukatia tambi, na ungo. "Njoo unishikie," akasema. Tukaenda kwake. Akasimama mbele ya yale madebe yaliyopakwa chokaa, marefu nyuma, mafupi mbele, akaanza na refu kuliko yote.

"Baba, na Saba Saba? Zimebaki siku tisa."

"Shika ungo vizuri."

"Zitakuwa hazijaota tena."

"Mayo," akasema, na mkasi unaendelea, "majani ni ya nini?"

Kila siku alikata na kuleta, amefunga kwenye gazeti, anagonga bati la mlango wangu, anaweka, anaondoka. Nikapika kwa karanga. Jioni ya saba nilikuwa napembua mchele na jua limeshazama. Nyamizi yuko kizingitini.

"Mama," akasema, "kuku anakula mchele wako."

Mimi mwenyewe kuku huyo nilikuwa sijamwona.

Ningemalizia hapo, hadithi ingekuwa nzuri na mimi ningekuwa mtu mwema. Lakini Saba Saba ilifika. Bwana Shamba akaja asubuhi na soksi zake, na Balozi, na watu wawili wa mkokoteni, na nyuma yao nusu ya mtaa. Wakakuta madebe kumi na mawili ya chokaa nyeupe, na juu yake vijiti.

"Mzee," Bwana Shamba akauliza, "maonyesho yako wapi?"

"Yameliwa."

"Yameliwa na nani? Mbuzi?"

"Na aliyeyahitaji."

Watu wakavunjika mbavu. Mmoja wa mkokoteni akakaa chini kwa kucheka. Balozi alitoa daftari, akatafuta ukurasa, akachora mstari. Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa hatua sita kutoka hapo, upande wangu wa ua wa minyaa, na mikononi nimeshika sufuria yenye mchicha wake wa mwisho. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: ameula mwanangu. Ningelisema, wangenyamaza wote. Sikulisema. Wangeuliza wewe mboga zako ziko wapi, na ingejulikana kwamba Mama Nyamizi alifua utambi kwa sabuni. Niliogopa kuchekwa kwa ajili ya utambi. Mwashataa aligeuza macho, akaniona kati ya matawi, akayarudisha. Hakunitaja.

Tangu siku hiyo jina lake la mtaani likawa Yameliwa. Bwana Shamba hakurudi.

Kesho yake alinigongea bati. Alikuwa ameshika tambi sita mpya, kila moja shubiri mbili, alizozikata kwenye lile bunda la sandukuni. "Hizi hazijanywa," akasema. Mboga zangu ziliota, na kiangazi hicho na vilivyofuata sikukosa jani bichi. Wanawake wakaja kujifunza kwangu. Niliwafundisha debe, makapi, uji, kisoda, na kila mmoja nilimwambia, "Utambi uwe ambao haujanywa mafuta." Wakaenda wakisema ni mboga za Mama Nyamizi. Alisikia mboga zake zikiitwa hivyo, miaka, na hakusahihisha hata mara moja. Na mimi sikusahihisha.

Mara ya mwisho kukaa naye ni hii. Nyamizi alikuwa ameshaolewa Usoke kwa wakulima wa tumbaku, amekuja kunitembelea. Nikamwambia chukua kile kikopo cha mbolea ya tumbaku ulichokuja nacho, tunakwenda mahali. Mwashataa alikuwa amezeeka sana, macho yake yana mawingu meupe, anatembea kwa kushika ukuta. Ubaoni lilibaki debe moja. Bado lilikuwa na chokaa yake.

"Shikamoo, babu," Nyamizi akasema.

"Marahaba. Nani?"

"Nyamizi."

"Aa!" Uso ukachangamka. "Wewe ndiye uliyekula maonyesho yangu."

Binti yangu akanitazama. Alikuwa hajui. Miaka yote hiyo sikuwa nimemwambia hata yeye. Basi nikasema pale pale, nimesimama, kila kitu: kumchapa, na sabuni, na siku tisa, na vijiti, na sufuria mikononi, na kwamba nilinyamaza. Nilisema kwa sauti, ili na wapangaji wa nyumba ya pili wasikie. Walisikia. Mmoja alitoka na kijiko mkononi.

Mwashataa alikuwa anabana utambi wa debe lake kwa vidole vile viwili vyeusi, anapima unyevu.

"Umekaa na neno hilo muda mrefu, mayo," akasema.

"Lilijificha tu, baba."

Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatisha. Kisha akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia jua limezama, kandili zinawashwa.

"Nyamizi. Sogea hapa debeni. Hesabu majani ya huo mche wa katikati. Mimi nimeshindwa tangu juzi."

Akainama. Mimi nilikuwa siyaoni vizuri, ni weusi juu ya weusi.

"Saba, babu." Akainama zaidi. "Hapana, nane. La nane ndilo linachomoza, liko chini ya jingine. Bado limejikunja."

"Lina rangi gani?"

"Kijani. Pembeni jekundu kidogo."

Mwashataa akajinyoosha kwa kushika ubao. Akageukia mlango wa ua, kule ambako hakuna mtu aliyekuwa akija, akasafisha koo.

"Bwana Shamba," akaita, "karibu. Maonyesho yako tayari."